Boyi wa Nani? Mhadhara Uliotolewa Bangboka



Nilikuwa nimeandaa mhadhara mwingine, wenye majedwali na tarehe nyingi. Nimeuacha kwenye begi, na wa kulaumiwa ni mtu aliyelibeba begi hilo.

Jana nilitua kwenye uwanja huu wa Bangboka, hapa Kisangani, kutoka Kinshasa. Kabla sijashuka ngazi vizuri, mwanamume mmoja wa makamo, shati limenyooshwa pasi hadi kola, akawa ameshalishika begi langu. “Papa, leta paspoti, leta na karatasi ya chanjo, mimi nitakupitisha.” Akanipitisha kweli. Alijua dirisha lipi lina foleni fupi, afisa yupi hapendi kuharakishwa, na mlango upi unafunguliwa ukisalimia vizuri. Tulipofika nje, mwenzake mmoja aliyekuwa kivulini akamtania: “We, leo uko boyi ya nani?” Yule bwana hakugeuza hata shingo. “Siko boyi ya mutu. Miko protokole.”

Kwa wageni waliopo, protokole katika viwanja vyetu vya ndege si idara ya Wizara ya Mambo ya Nje. Ni mtu anayekupokea, anakubebea, anakukimbilia mihuri, kisha unamwachia chochote. Kazi yake ukiitazama kwa jicho la babu zetu ni ileile ya boyi. Jina ndilo limebadilika, na amelibadilisha mwenyewe, bila amri ya serikali na bila kumwomba mtu ruhusa. Basi leo tulizungumzie hilo neno alilolikataa.

Boyi ni neno la Waingereza. Sisi sote tumefundishwa ubaya wake: Mzungu alimwita mzee mwenye mvi mtoto, na tusi likakaa hapo. Ni kweli, lakini nusu tu. Katika Kiingereza cha karne ya 13, “boy” hakuwa mtoto. Alikuwa mtumishi, mtu wa chini, mara nyingine mhuni wa kupigiwa kelele. Maana ya mtoto wa kiume ilikuja kushika baadaye, huko karne ya 14. Kwa hiyo si kwamba mtumishi alipewa jina la mtoto. Mtoto ndiye aliyerithi jina la mtumishi, kwa sababu wote wawili hutumwa, na hakuna hata mmoja anayeulizwa kama amechoka.

Mfaransa naye hana la kujivunia. Ameketi mgahawani anamwita “garçon” mtu ambaye nyumbani kwake ana wajukuu. Mwarabu ana ghulamu, ambaye ni kijana na pia ni mtumwa. Nasi tusijione wasafi. Chukueni kitenzi “tuma” mkiweke mezani. Ndicho kilichozaa mtumishi, ndicho kilichozaa mtumwa, na ndicho kilichozaa Mtume. Watu watatu waliotumwa, na tofauti yote imo kwa aliyewatuma. Ndiyo maana yule mtani wa kivulini hakuuliza “uko boyi?” Aliuliza “boyi ya nani?” Swali lake lilikuwa la sarufi kuliko alivyojua.

(Na kabla mtu hajanyoosha mkono: hapana, Boyoma, jina jingine la mji huu, halina “boy” ndani yake. Niliwahi kuulizwa hivyo na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na darasa zima likacheka isipokuwa yeye.)

Neno boyi lilitufikia kwa njia zaidi ya moja. Upande wa kusini lilipanda na reli. Reli ya kutoka Rhodesia iliingia Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na pamoja na mabehewa zikaja desturi za migodi ya Afrika Kusini, ambako kila mwanamume mweusi, awe na miaka 15 au 60, alikuwa boy. Huku kwetu lilipanda na mto. Stanley mwenyewe, yule msafiri wa mto, alikuwa msemaji wa Kiingereza, wamisionari Wabatisti waliojenga Yakusu, hapo chini kidogo ya mji, walikuwa Waingereza, na katika meli za mvuke Kiingereza kilichanganyika na lugha nyingine kama chumvi katika sombe.

Mwaka 1890 baharia mmoja Mpolandi aliyekuja kuandika kwa Kiingereza, Joseph Conrad, alifika hapa Stanley Falls kwa meli ya Roi des Belges. Miaka 9 baadaye akachapisha hadithi ambayo ulimwengu wote unaisoma mpaka leo, Heart of Darkness. Mle ndani bwana mkubwa anayeitwa Kurtz anakufa, na anayeleta habari ya kifo mlangoni ni boyi wa meneja. Vitabu chungu nzima vimeandikwa kuhusu Kurtz. Boyi wa meneja ametamka habari maarufu kuliko zote katika kitabu kile, lakini jina hakupewa. Mimi kila nikikisoma humsubiri atamke jingine. Hatamki.

Wabelgiji walipolichukua neno, walilitia katika Kifaransa chao wakalilea kama mwanao. Wakawa na “le boy”, na wa kike akawa “boyesse”. Kulikuwa na boyi wa jikoni, boyi wa kufua, boyi-shofere aliyekaa juu ya mizigo ya lori, na “petit boy”, ambaye ni boyi wa boyi. Usicheke, ngazi ile ilikuwa na heshima zake. Boyi-shofere huyu yuko kote katika eneo la Kiswahili: Mtanzania anamwita taniboi au utingo, nalo taniboi ni neno lilelile la Kiingereza limevaa kanzu nyingine.

Wakalijengea na nyumba. Ukitembea Makiso, hapa mjini, leo, katika zile njia za miembe, utaona nyumba za zamani za ghorofa moja zenye baraza pana mbele. Zunguka nyuma. Pembeni mwa ua kuna kijumba cha chumba kimoja au viwili, dirisha dogo kama la choo, mlango wake unatazama jiko la nyumba kubwa na umeupa barabara kisogo. Leo tunakiita aneksi na tunakipangisha kwa wanafunzi. Enzi hizo kiliitwa “boyerie”, yaani mahali pa kuwekea boyi, kama vile kuna mahali pa kuwekea farasi.

Babu yangu mzaa mama alilala katika kijumba kama hicho miaka 18. Alikuwa mpishi. Alijua kupika mayonezi isiyokatika katika joto hili letu, jambo ambalo mimi na digrii zangu sijaliweza. Alipokufa tulikuta katika mkebe wa biskuti karatasi moja aliyoihifadhi kuliko cheti cha ndoa. Ilikuwa barua ya bwana wake wa mwisho, aliyoandikiwa alipoachishwa kazi, ili amwonyeshe bwana mwingine. Babu hakujua kusoma. Aliitembeza barua ile mji mzima bila kujua imesema nini. Imesema kwamba ni boyi mzuri, msafi, ana kiburi kidogo, apewe sabuni kwa kipimo. Jina lake limeandikwa moja tu, la ubatizo, kisha “boy”. Jina la baba yake halimo, wala la ukoo, wala kijiji. Neno la kazi ndilo limekaa mahali pa ukoo.

Alilipwa fedha kidogo na poso. Hilo neno nalo lina safari yake. Ni posho ya Waswahili wa pwani, chakula cha msafara kinachogawiwa. Kwa kuwa huku kiligawiwa kila baada ya siku saba, katika Lingala poso ikawa jina la wiki yenyewe. Watu wakahesabu siku kwa tumbo.

Mtu anaweza kudhani hao maboyi hawakuwa na la kusema juu ya jina lao. Walikuwa nalo, na waliliandika. Mwaka 1965, huko Elisabethville, mtu aitwaye André Yav alikusanya kijitabu kwa niaba ya chama cha watu waliowahi kuwa watumishi wa nyumbani. Kilipigwa taipu kwa Kiswahili cha Katanga, kile ambacho walimu wa sarufi hukikunjia pua. Ni historia ya mji na ya ukoloni jinsi ilivyoonekana na mtu aliyesimama nyuma ya kiti cha bwana akishika sahani. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alikichapisha mwaka 1990 pamoja na tafsiri na maelezo marefu. Ninakipenda kijitabu kile kwa sababu moja: waandishi wake hawakuomba radhi kwa kuwa walikuwa maboyi. Walijua kwamba mtu aliyemfulia bwana shuka ana habari ambazo gavana hana.

Sasa nije kwa mtu wetu wa hapa. Kabla hajawa waziri mkuu, Patrice Lumumba alikuwa karani wa posta katika mji huu. Karani si boyi. Karani ana kalamu na kola. Lakini tarehe 30 Juni 1960, mbele ya Mfalme Baudouin, alipoanza kuhesabu machungu ya ukoloni, hakuishia kwenye mijeledi na mashamba yaliyoporwa. Alitaja pia kiwakilishi. Alikumbusha kwamba mtu mweusi aliambiwa “tu”, wala si kama rafiki anavyomwambia rafiki, bali kwa kuwa ile “vous” ya heshima walijiwekea Wazungu. Mbele ya dunia nzima, mtu anadai kiwakilishi! Wako waliodhani ni jambo dogo. Aliyewahi kuitwa kwa kidole anajua si dogo.

Nawaomba mkishike hicho kiwakilishi, maana kinatupeleka moja kwa moja barabarani, kwa watu wa pikipiki.

Kinshasa dereva wa pikipiki anaitwa wewa. Neno ni la Kiluba cha Kasai, na maana yake ni hiyo hiyo mnayoisikia: wewe. Vijana wengi walioanza kazi hiyo walitoka Kasai, na watu wa mji wakayachukua maneno yaliyokuwa kinywani mwao wakawabandika. Hilo ni jina la kubandikwa, tena lina harufu ya kabila ndani yake. “Wewe, njoo. Wewe, simama.” Zaidi ya miaka 60 baada ya ile hotuba, mtu wa kutumwa bado anaitwa kwa nafsi ya pili.

Hapa Kisangani hatukufanya hivyo. Hapa tulikuwa na toleka.

Ninyi vijana mmeizoea pikipiki, hamuikumbuki sana. Vita vilivyoanza 1998 vilifunga mto, mafuta yakawa dhahabu, teksi zikalala kwenye vilalo kama maiti. Ndipo baiskeli zikachukua mji. Baiskeli ya kawaida, nzito, nyuma yake kibao kilichofungwa sponji na kushonewa kitambaa, wengine kitambaa chenye nakshi na shada pembeni, na vyuma viwili vya kuwekea miguu ili sketi ya mama isiingie kwenye minyororo. Dereva anainama, shati limelowa mgongoni, abiria nyuma ameshika mwavuli kama malkia. Kutoka Mangobo hadi Soko Kuu, kutoka Kabondo hadi Tshopo. Hata kuja huku Bangboka, karibu kilomita 17, walikuwepo waliothubutu, na walikuleta.

Toleka ni Lingala: tupite. “Leka” ni kupita, na ile “to” ya mbele ni “tu” yetu ya Kiswahili, nafsi ya kwanza wingi. Hebu sikilizeni tofauti. Wa Kinshasa ni wewe. Wa Kisangani ni sisi. Ni kelele ya mwendesha baiskeli akiomba njia, tupite, na ndani ya neno hilo yumo yeye na yumo abiria, wote wawili wanapita. Neno lilitoka kinywani mwa mfanyakazi mwenyewe akiwa kazini. Baadaye tukaliongezea mkia wa Kifaransa likawa “tolekiste”, kama vile mtu ni msanii au daktari wa meno. Sijaona popote katika eneo letu jina la kazi ya jasho lililotungwa vizuri kuliko hili, na nasema hivyo nikijua kwamba mwana wa Mangobo hawezi kuwa hakimu wa haki katika kesi hii.

Lakini si sisi tuliovumbua mchezo huu wa kujipa jina. Waliotutangulia walitushinda ujasiri. Mnajua Kiswahili cha huku kiliitwa Kingwana. Mwaka 1887 Tippu Tip, Hamed bin Muhammed el-Murjebi, alifanywa gavana wa Stanley Falls na Mfalme Leopold, na watu wake walikuwa wamejaa hapa. Hao watu walijiita waungwana. Pwani, muungwana ni mtu huru, mwenye asili. Sasa wengi katika waliojiita hivyo walikuwa watumwa au watoto wa watumwa, wabeba pembe na bunduki wa misafara. Walipovuka Ziwa Tanganyika, mbali na macho ya Zanzibar, wakalivaa jina la mabwana zao. Nani angewabishia? Mtu ana bunduki na anajua kusali. Lugha yao ikaitwa lugha ya waungwana, na ndiyo ninayowahutubia nayo sasa hivi, iliyopewa jina na wapagazi waliokataa kuitwa wapagazi.

Kwa upande mwingine yapo maneno yaliyopanda cheo yakiwa yameshika fimbo. Kapita, kutoka kwa Wareno, zamani za Leopold alikuwa mlinzi wa kusimamia watu waletapo mpira, na ripoti ya Roger Casement ya 1904 inaonyesha alivyosimamia. Baadaye akawa msimamizi wa vibarua barabarani. Katika vijiji vyetu vingine leo kapita ni mkuu wa kitongoji, mzee anayeheshimiwa, anapatanisha watu juu ya mbuzi. Sina ugomvi naye. Ila nikimwona anaitwa kwa jina hilo, huwa naangalia mikono.

Pwani nako wana yao. Kibarua ni barua ndogo, karatasi aliyopewa mfanyakazi wa siku. Huko Zanzibar mtumwa aliweza kujikodisha kwa siku, akarudi jioni kugawana ujira na bwana wake. Karatasi ikawa kazi, kazi ikawa mtu. Na leo mtu wa Dar es Salaam akifukuzwa husema kibarua chake kimeota nyasi, anacheka, hajui amekanyaga kaburi la nani. Kuli nalo lilitoka India, likasambazwa na Waingereza katika kila bandari yao. Makuli wa Zanzibar waligoma mwaka 1948, mgomo uliosimamisha mji, na Shafi Adam Shafi akauandikia riwaya mwaka 1979. Angeweza kuipa jina la kupendeza. Akaiita Kuli, herufi nne, juu ya jalada.

Nilikuwa nataka kusema na kuhusu akina dada. Katika miji ya Tanzania mtumishi wa nyumbani ameacha kuwa hausigeli, sasa ni dada. Jina tamu. Ila dada wa damu halali jikoni, na akiugua hakatwi mshahara. Wakorofi wanamwita beki tatu, na mimi, Mungu anisamehe, naona wakorofi wana ukweli zaidi, kwani angalau beki tatu ana nafasi uwanjani. Huku kwetu, enzi za Wabelgiji, neno tamu kuliko yote lilikuwa “ménagère”, mama wa nyumbani. Mabibi zetu walio hai wanajua alikuwa nani: mwanamke mweusi aliyeishi na Mzungu asiyemwoa. Kila neno linapolainika kupita kiasi, mimi huuliza mshahara ni kiasi gani.

Mobutu alijaribu dawa ya serikali. Wote tukawa “citoyen” na “citoyenne”, bwana na boyi sawasawa, kwa amri. Mwaka 1972 majina ya ubatizo yakapigwa marufuku, kila mtu akachimbue la mababu. Baadaye majina ya ubatizo yakarudi, ya mababu hayakuondoka, na ndiyo maana leo Mkongomani ana jina, ana la nyuma yake, na ana la Kizungu, yote matatu kwenye kadi. “Citoyen” limekufa. Majina matatu yamebaki.

Jana, nje ya uwanja, nilitaka kumlipa yule bwana. Ofisi iliyonituma hairudishi senti bila karatasi, kwa hiyo nilitoa kitabu changu cha stakabadhi, nikajaza tarehe na kiasi, nikafika kwenye mstari wa kazi ya mpokeaji. Kalamu ikasita. Sikutaka kuandika mbeba mizigo. Alipoona nasita, aliichukua kalamu mkononi mwangu, akaegemeza kitabu kwenye boneti ya teksi, akaandika mwenyewe: “Frais de protocole”. Mwandiko wa karani wa posta, umelala kulia. Chini yake akaweka jina lake, la nyuma, na la ubatizo, yote matatu, kwa herufi kubwa, akatia sahihi. Kisha akanigeuzia kitabu na kuniwekea kidole kwenye mstari wa chini, ule wa anayelipa, ambao nilikuwa nimeuacha wazi.